Kamera ya Siku Thelathini

Redio ya Ndulu, muuza chai, ndiyo iliyochokoza. Daktari mmoja alisema chai ikinywewa moto sana miaka na miaka huumiza koo, na tumbo linalochoma kila siku lipelekwe hospitali, lisilambishwe magadi. Pale kibandani Kitengela macho yote yalimgeukia Njogu, ambaye jina lake la kijiweni ni Magadi, kwa sababu hiyo hiyo.

"Amekutaja bila jina!" akasema Gitonga, anayeitwa Waya kwa kufunga CCTV madukani.

"Na mimi ameniharibia biashara," Ndulu akafoka, sufuria ikitokota. "Chai vuguvugu nitauzia nani?"

Njogu akaona siri imemchosha. "Kesho naingizwa kamera. Inapita mdomo mpaka tumboni."

"Unaogopa?" akauliza Haibe, muuza mbuzi wanayemwita Mnada.

"Naogopa Wamaitha. Bibi yangu tunaenda na yeye. Tangu Januari ananipikia malenge juu ya hili tumbo, na nimemwapia sijaonja mutura." Mutura wenyewe, utumbo uliojazwa nyama na damu, ulikuwa mkononi, ungali moto. "Waya, wewe ni fundi. Hiyo kamera inaonyesha mpaka ya juzi?"

Gitonga akakuna kidevu, uso mkavu. Ndulu akageukia sufuria ili asionekane akicheka.

"Inategemea memory. Ya duka inaweka siku thelathini."

"Thelathini!" Njogu akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha. "Mnada, shika hii."

"Wallahi, hiyo ni damu! Usiniingize kwa kesi yenu."

"Basi kesho siendi."

"Si ni kiungulia tu?" Gitonga akamchokoza.

Njogu akajigusa kifua. "Siku hizi chakula inakwama hapa kifuani. Hata ugali lazima nisukume na maji."

Hakuna aliyecheka. Gitonga alitazama viatu vyake, akajuta.

"Mbuzi nikinunua, naangalia mdomo kwanza," Haibe akasema polepole. "Wewe utakosa kuangaliwa juu ya mutura? Utaenda."

Njogu alikuwa na hofu, na kusema kweli haikuwa ya Wamaitha peke yake. Akatoa simu, akaiweka spika ili asibaki peke yake.

"Wamaitha, keti chini. Kesho daktari atakuonyesha mambo ya siku thelathini. Wacha nikwambie mimi kwanza."

"Mutura?" sauti ikajibu. "Hiyo najua. Kwani mashati yako yenye madoa ya mafuta huwa unafua wewe?"