Wimbo wa Mzee na Muhuri Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Diski yangu imekufa maji. Nyimbo elfu kumi na moja, kazi ya miaka tisa ya duka langu la kuwawekea watu nyimbo! Na kosa si langu. Nilisikia Ricky, yule mwenye kibanda cha nyimbo kule Rubona, anaulizauliza habari za diski yangu. Donc nikaificha mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria: ndani ya sufuria kubwa la pilau, lile linalotoka stoo siku za harusi tu. Bon. Jumamosi kuna harusi. Nadra, binti wa dada yangu Kaltumu, anaolewa, na leo asubuhi wanawake walilitoa sufuria wakalijaza maji ya sabuni. Nilifika saa nane. Diski ilikuwa chini kabisa, inanukia ndimu.

Sijamwambia mtu. Jioni dada Kaltumu akapiga simu, nisisahau wimbo wa mzee. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na akishona aliimba wimbo wake mwenyewe, wa kutaja majina ya watoto wake. Siku moja niliwasha simu yake irekodi, nikaiacha juu ya meza ya kukatia nguo, nikaenda kula. Wimbo nikauhamishia kwenye diski, na simu ikaja kupotea msibani. Kaltumu anataka Nadra atoke nyumbani babu yake akiimba. Akasema tangu tumzike hajasikia tena baba akimwita jina, na hataki kitu kingine katika harusi hii. Nikamwambia iko, asiwe na wasiwasi. Iko! Iko wapi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili. Nyimbo hazijafa! Nimeziweka kwenye simu na flashi za mji mzima, ziko huko kwa watu, zimekaa tu. Kazi ni kuzirudisha.

Nilianza na Kabatesi wa saluni. Nikamwambia nasafisha nyimbo za wateja wangu bure. Akanipa flashi palepale. Ajabu, Kabatesi hapangi nyimbo kwa waimbaji, anapanga kwa wateja: Mama wa Mapacha, Yule Anayesinzia, Asilie Tena. Nilicheka, kisha nikafungua hiyo ya mwisho. Nyimbo sita za polepole. Akasema ni za mama mmoja aliyefiwa, anakuja kusukwa kila mwezi na hawaongei. Mimi miaka yote nilizipanga kwa alfabeti. Jambo hilo lilinikaa moyoni mchana mzima.

Shida ni moja. Kila wimbo unaotoka dukani kwangu naupiga muhuri, Ricky asiuibe: katikati sauti yangu inapiga kelele, Nzeyi Muziki, Gisenyi yote inajua! Sasa kila ninachorudisha, nimo. Kabatesi akaniuliza kwa heshima kama iko hata wimbo mumoja ambamo sipo. Nikamwambia hiyo ndiyo dhamana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda Kanzenze kwa mzee Sebagabo. Zamani alimuuzia baba nyuzi, sasa analima viazi. Nilikumbuka kwamba nilimwekea ule wimbo kwenye simu siku ya arobaini ya baba. Na umo! Niliruka hadi kuku wakakimbia.

Tukasikiliza. Cherehani inalia, baba anakohoa, anaanza: mwanangu wa kwanza, mwanangu... NZEYI MUZIKI, GISENYI YOTE INAJUA! Halafu Safari. Halafu Idi. Jina la Kaltumu limefunikwa lote. Mama weee! Nyumbani nikajaribu kuikata ile kelele. Likabaki shimo, na baba anamruka dada yangu anakwenda moja kwa moja kwa Safari.

Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma. Sisi tuko wanne na baba anataja watatu. Mimi kitindamimba, simo. Nilipousikia mara ya kwanza niliumia sana. Nikazima alipomtaja Idi, na kopi yangu nikaikata hapohapo. Nikasema kama yeye hanitaji, nitajitaja mwenyewe. Muhuri niliutia popote tu, bila kusikiliza, na sikuugusa tena wimbo huo isipokuwa kuwagawia watu.

Mzee Sebagabo, bila kuulizwa, akaniambia baba aliwahi kumpelekea Ricky wimbo huo ukiwa bado safi. Ricky!

Alhamisi, 7 Agosti

Rubona. Nilivaa kofia na miwani ya jua. Ricky akanisalimia kwa jina kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Akasema wimbo iko, tena kwenye simu yake mwenyewe. Akasema mzee alikuja peke yake akamwambia: mutoto wangu ni muzuri, lakini anapiga kelele sana, mi nataka pahali pamoja pa kukaa kimya. Hayo ndiyo maneno ya baba! Ricky akanitumia palepale, hakutaka kitu, akaomba tu nimsalimie dada Kaltumu. Afadhali angenitukana.

Nilisikiliza mpaka jina la Kaltumu, likatoka safi, nikazima. Njia nzima ya kurudi nilitazama ziwa nikimfikiria mzee na miguu yake ile mibaya, anakwenda hadi Rubona ili apumzike na kelele zangu. Nilifuta machozi. Kisha nikakumbuka kwamba Ricky bado anao. Haiwezekani.

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi! Nadra alipovuka mlango, nikauwasha wimbo. Baba akasema Kaltumu, wazi kabisa, na dada yangu akaitika. Abee baba, mbele ya watu wote! Hakuna aliyecheka. Nililia na sikuona aibu.

Halafu nikamwona Ricky karibu na mlango (nilimwalika kwa makusudi, aje na simu yake) naye anapangusa macho. Hiyo ikaniudhi. Kwani ni baba yake? Nikamvuta nje wimbo ukiwa unaendelea. Nikamwambia sauti ya marehemu haikai kwa mtu baki. Nikaongeza kwamba hata dini haikubali, jambo ambalo sina hakika nalo. Ricky akanitazama sana, akasema bon, kama familia ndivyo inavyotaka. Akaufuta mbele yangu. Ndani vigelegele vilikuwa vinataka kung'oa bati. Ushindi!

Jumapili, 10 Agosti

Nimepanga maktaba upya kwenye diski mpya. Kanuni: wimbo mmoja, kopi moja. Zote zilizojirudia nimezifuta, hata zilizokuwa kwenye simu yangu. Raha iliyoje!

Kaltumu anataka wimbo wa mzee uwafikie ndugu wote, wa Goma, Kigali na Bujumbura. Watu arobaini na mmoja. Nikafikiria: watalia, watashukuru, na hakuna atakayejua nani alihangaika. Nikapiga muhuri. Mara moja tu! Na mwishoni kabisa, mahali ambapo mistari kwenye kompyuta inaonyesha sauti ndogo, cherehani na kikohozi tu. Hakukuwa na haja ya kusikiliza. Nikahifadhi juu ya ule ule, zisiwe mbili. Nimetuma.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaltumu amepiga simu asubuhi. Hakugomba, na hapo nikaogopa. Akaniuliza kwa nini nimemkata baba. Nikasema wimbo ulikuwa umekwisha. Akasema haujaisha. Siku ya harusi alisimama ameegemea spika, akasikia cherehani ikisimama, baba akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini: na Nzeyi wangu, huyu wa mwisho, aliyeniachia simu inisikilize.

Akasema tangu Jumamosi alikuwa anasubiri nimwambie nilijisikiaje.

Kopi ya mzee Sebagabo inaishia kwa Idi, nilipoikata mwenyewe. Nikampigia Ricky. Akanikumbusha kwa upole kwamba nilisimama pale akifuta. Nikaomba video za harusi kwa watu tisa. Vigelegele vitupu. Nimeusikiliza mwisho ule mara thelathini. Chini ya kelele zangu kuna mtu anasema kitu, na mimi simpati. Nimelia mpaka mke wangu akaja kufunga dirisha la dukani.

Lakini saa kumi akili ikanijia. Watu wote husema nina sauti ya baba. Maneno ninayo, Kaltumu amenipa. Cherehani iko stoo. Nitakohoa kidogo, nitasema polepole, nani atajua? Na kwa kuwa nafasi ipo, mzee ataongeza maneno machache: kwamba katika wote wanne, mwenye akili ni huyu.