Nilivyoyatengeneza Mashati ya Watoro

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya kijiji chetu kizima cha Mugutha, na mpaka sasa sijaelewa kosa langu lilianzia wapi. Nawaandikia nyinyi mliosoma cherehani na mimi pale politekniki kwa sababu mafundi wenzangu mtanihurumia. Barua hii mpitishiane, lakini isitoke kwenu.

Kuna wazungu wanaopiga picha ya sinema katika shamba la kahawa hapa karibu. Hadithi yenyewe ni ya zamani: vibarua watatu wanamtoroka setla, mzungu mwenye shamba, na kujificha porini siku nyingi. Wiki iliyopita walitafuta fundi wa nguo wa siku tatu, wakanichukua mimi. (Niliaga kila mtu. Niliwaambia majirani kwamba kushona sare za shule sasa basi, mimi ni mtu wa filamu.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Nilifika alfajiri, cherehani nimeifunga kwenye keria ya baiskeli. Mkubwa wa nguo ni mama mmoja wa Nairobi anayeitwa Madam Lydia. Anaongea haraka na ana pini za nguo mdomoni muda wote.

"Fundi, sikiza," akaniambia. "Tukitoka hapa tunaenda Naivasha, picha ya miezi minne. Nataka kubeba fundi mmoja. Nikikupenda hizi siku tatu, ni wewe."

"Utanipenda, Madam."

"Tutaona. Hizi ndio shati za wale watoro. Wanavaa saa nane. Mimi nakimbia Thika kutafuta kofia."

Akaondoka. Nikabaki na mashati matatu kwenye hema, na nikayatazama nikaona aibu kwa niaba yao. Moja lilikuwa limepasuka mgongo mzima. Jingine halikuwa na mkono wa kushoto chini ya kiwiko. La tatu lilikuwa na matundu kila mahali na madoa ya rangi ya chai yasiyoeleweka. Yote yalikuwa na ule udongo wetu mwekundu mpaka ndani ya kola. Nikajiuliza, hawa watu wametoka ng'ambo na mashine za ajabu, halafu nguo zao ziko hivi? Hawana mtu wa kuwaangalia?

Hapo ndipo Naivasha iliponiingia kichwani. Nikasema moyoni, fundi mzuri hangoji kuambiwa.

Nikaomba karai na maji kwa wapishi. Nikafua kwa sabuni ya kipande. Madoa ya chai yalinipa shida, lakini mnanijua, nilisugua mpaka yakasalimu amri. Nikaanika juani. Nikatafuta kitambaa cha kufanana, nikaunga ule mkono. Mgongo nikaushona mara mbili, uzi wa rangi ile ile. Matundu nikayaziba moja moja kwa sindano ya mkono. Nikakoleza pasi ya makaa. Ilipofika saa saba na nusu, yale mashati yangeweza kuvaliwa na bwana harusi na wasimamizi wake.

Madam Lydia hakuwa amerudi. Waigizaji wakaja mbio kuvaa. Mmoja, kijana mrefu, akanusa mkono wa shati lake.

"Kwani wamebadilisha hizi?" akauliza.

"Nimezitengeneza," nikasema.

"Aisee. Poa sana." Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda.

Nikawafuata kwa nyuma, maana nilitaka kuona kazi yangu ikiingia kwenye kamera. (Ningebaki kwenye hema, leo ningekuwa na heshima yangu kidogo.) Pale shambani walikuwa wamekodi watu wa Mugutha waigize wachuma kahawa, kama arobaini hivi, wamesimama na vikapu. Nusu yao ni wateja wangu. Nikawapungia mkono.

Wakaambiwa waanze. Watoro wakatokeza kwenye miti ya kahawa wakiyumba, wakihema, wakaanguka miguuni pa wachuma kahawa kuomba maji. Watu wa siku nyingi porini, na mistari ya pasi imesimama mabegani.

Kamera ikazimwa. Dairekta, mzee mmoja mzungu mwenye sauti ya chini, akasema kitu kwa Kiingereza. Msaidizi wake akatugeukia.

"Anauliza, hawa watoro walipitia kwa dobi?"

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikacheka pia, nikidhani dairekta amefurahi. Wakati huo huo Madam Lydia akafika na mzigo wa kofia. Aliangalia mara moja tu, akaketi juu ya kreti.

"Nani amefanya hii?"

Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kwa furaha, jamani.

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kumbe jana walishapiga nusu ya tukio hilo na yale matambara, kwa hiyo leo lazima kila tundu liwe palepale. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeyararua. Wiki mbili nzima alikuwa akiyapiga mawe, kuyapiga msasa na kuyaloweka kwenye majani ya chai. Nikamsikiliza lakini sikuelewa. Mtu anaajiriwa kuharibu shati jipya?

"Sasa pasua," akaniambia. "Pasua hapo hapo."

Nikalishika shati la yule mrefu kwa mikono miwili, nikavuta. Likakataa. Nikaweka goti mgongoni mwake, nikavuta tena. Kazi yangu haipasuki hivi hivi, nadhani mnalijua hilo. Watu wote walikuwa wananitazama.

Ndipo Mama Shiko akaweka kikapu chini. Huyu ni mteja wangu, jirani wa mlango wa tatu.

"Fundi," akasema, kwa sauti ya kuhutubia kanisa, "hizo shati umepewa lini?"

"Leo asubuhi, mama."

"Ati leo? Tatu? Na umefua, na umepiga pasi?" Akawageukia wenzake. "Rinda langu liko kwake tangu Pasaka. Ni kupunguza kiuno tu. Nikienda ananiambia stima imepotea. Fundi, cherehani yako ni ya kuzungushwa na mkono. Stima ni ya nini?"

"Yangu ni suruali," mwingine akadakia. "Aliniambia uzi wa hiyo rangi hauuzwi Kenya."

Msaidizi akamtafsiria dairekta neno kwa neno. Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani.

Madam Lydia hakucheka. Alikuwa amelishika shati, analitafuta lile pasuo kwa kidole na halioni.

"Wewe ni fundi mzuri sana," akasema. "Na hiyo ndiyo shida. Kesho usikuje. Naivasha nitabeba mtu hajui kushona."

Nikafunga cherehani kwenye keria, nikarudi nyumbani nikiisukuma baiskeli. Niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimeshajiona Naivasha.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni na nimejifungia ndani. Nje kuna foleni, Mama Shiko yuko mbele akidai rinda lake, wengine wameshika nguo za kushonwa, na kila mmoja anasema atangojea hapo hapo, kwani kazi ni ya nusu saa. Mkitaka kucheka, chekeni polepole. Nimewaambia kwamba siko.