Kilo za Loveness

Jumatatu, 8 Septemba
Mambo hayaeleweki. Loveness, mke wangu, ana mimba ya miezi sita. Nesi kasema mwezi mzima kaongeza nusu kilo tu, na mtoto ni mdogo. Mwezi huohuo mama yake, Mama Jovina, katoka Bukoba na mkungu wa ndizi, kakaa sebuleni kwangu hapa Tandale. Mpira nausikilizia mlangoni! Anapika asubuhi hadi jioni, sufuria zinarudi tupu. Kilo zinaenda wapi? Nimemtazama mama mkwe vizuri. Jibu ninalo.

Jumanne, 9 Septemba
Bahati! Daktari Khulud, mtafiti, kaita wajawazito na familia zao kliniki keshokutwa. Tutapendekeza maswali kuhusu uzito wa mimba, kisha tuyapigie kura kwa namba, moja hadi tano. Litakaloshinda litafanyiwa utafiti kwanza. Langu: "Je, mama mkwe akihamia, mjamzito hupungua?" Utafiti ukikubali, mkwe anapanda basi la Bukoba kwa heshima zote. Sayansi imesema, si mie! Nimezunguka kwa majirani walioitwa. Atakayeliandikia swali langu namba tano, anapata sambusa.

Alhamisi, 11 Septemba
Sielewi. Sambusa zimeliwa zote. Tano nimepewa, tena kwa uaminifu. Swali limeshika mkia! Kumbe moja ndiyo muhimu kuliko zote. Shuleni nilikuwaga napata moja, hakuna aliyenipongeza.

Limeshinda la Loveness. Kasimama: "Mie nyumbani naitwa Simtank, kama lile tangi la maji. Nikishika kijiko nalisikia hilo jina, tonge halipiti. Chunguzeni kwanza maneno ya waume zetu."

Mama Jovina kafuta machozi. Wote wakanigeukia. Nikatazama nyuma yangu. Ukuta.

Daktari kanivuta pembeni. "Braza Audax, jina hilo linamnyima mtoto chakula."

Mie nilidhani namchekesha! Nimemwomba Loveness msamaha, nimeapa silitamki tena. Jioni kamaliza sahani nzima ya ndizi. Nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Jumamosi, 13 Septemba
Loveness kala mara tatu. Mama Jovina kanikaribisha sebuleni kuangalia mpira. Daktari kaniomba Jumatatu nikazungumze na waume wengine. Mie, mwalimu! Nimeanzia mazoezi kwa jirani yetu Mauwa, mwenye mimba ya miezi minane. Nimemwambia asijali maneno ya watu, hata tembo hujifungua salama.

Kanirushia ndala.

Maskini. Sijui huyo mumewe humwambia nini.