Kipepeo wa Ubeti wa Nne

Jumatatu, 6 Mei. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo saa moja.
Mwalimu Mkuu ametangaza: Ijumaa litachaguliwa shairi moja la maajabu ya viumbe, lichorwe ukutani kwenye darasa la chekechea. Ukuta mzima! Mimi ni karani wa shule mwaka wa tisa huu, na jina langu halijaandikwa popote ila kwenye daftari la mahudhurio. Beti zangu nne za kipepeo ziko tayari, mizani nane nane, vina safi. Mshindani ni mmoja tu: wifi yangu, mpishi wa shule. Anatunga huku akimenya viazi. Hata mizani hahesabu!

Jumanne, 7 Mei. Jua.
Nimemsikia wifi akiwaimbia watoto: "Konokono, ukipata wageni, wanakaa wapi?" Mizani ovyo. Watoto wamecheka mpaka uji ukamwagika. Ndipo nikakumbuka kifuko cha kiwavi kwenye mlimau, nyuma ya ofisi. Kitabu kinasema siku kumi na mbili tangu kiwavi ajifunge. Nimehesabu mara tatu: Ijumaa! Kipepeo atatoka nikiwa kwenye ubeti wa nne. Nimekata kijiti chake, nimekiweka ndani ya boksi la chaki.

Alhamisi, 9 Mei. Joto tangu alfajiri.
Balaa. Kifuko kimekuwa cheusi, mabawa yanaonekana. Anataka kutoka leo! Hana habari na ratiba. Nimeficha boksi kwenye friji ya jikoni, nyuma ya maziwa. Juu nimeandika: FASIHI. USIGUSE.

Ijumaa, 10 Mei. Jua tena.
Boksi likiwa mezani, nimesoma mpaka ubeti wa nne: "Fungua mlango wako." Kifuko hakikutikisika. Nikarudia. Mara saba. Watoto wakaenda kufungua mlango wa darasa, kisha madirisha. Mmoja akauliza kama mdudu amekufa. Wifi akalichukua boksi, akalipakata.
"Wifi, umemgandisha mgeni wetu. Mwache apate joto kwanza."
Akaanza konokono wake, boksi likiwa mapajani. Alipofika kwenye wageni, kifuko kikapasuka. Mabawa yalitoka yamekunjamana kama nguo ya kufuliwa, yakanyooka polepole. Watoto wakasogea karibu. Hata mimi nilisahau kuhesabu.
Ukuta ni wa konokono. Kipepeo atachorwa juu yake, kama mgeni. Wifi akaomba jina langu liandikwe chini: mfugaji. Mfugaji!

Jumamosi, 11 Mei. Mawingu.
Nimetafakari kwa utaratibu. Kosa si langu. Vipepeo hawana nidhamu. Bado upo ukuta wa darasa la kwanza. Nimeanza beti nne za kinyonga, kila ubeti na rangi yake. Nimekamata wawili, mmoja wa akiba, na nimewabandikia ratiba ndani ya boksi. Wifi amechungulia, akauliza kama wanajua kusoma. Wivu huo.
Nalala saa tatu na dakika kumi. Yule wa akiba ameikazia ratiba jicho moja.