Bibi wa Mikate Hakusahau Kitu

Jumatano, 9 Agosti 2006. Nyamiaga.

Daktari alimwita mke wangu Eustakia nje ya mlango, wakanong'ona, naye akarudi ananitabasamia. Eustakia hatabasamu bure. Basi nakufa. Mapafu yamechoka, nayaelewa. Nimeamua kuandika dhambi zangu kila siku ili Padri akija nisibabaike. Nilikuwa mwalimu mkuu. Siwezi kutubu bila maandalizi.

Dhambi ya leo ni uongo katika tafsiri.

Mwanangu Derick ana banda la gemu kando ya barabara: televisheni, jenereta, mabenchi. Gemu lililowashika watu sasa ni la Kiingereza kitupu. Derick anacheza, mimi natafsiri maneno yanayotokea kwenye kioo, watu wanasikiliza kama wako misani. Habari yenyewe: mwanamke mchawi, Orvane, aliimba wimbo kisimani na dunia ikageuka. Mlima ukawa ziwa. Mji ukahama na watu wake ndani. Wote wakasahau dunia ya kwanza, isipokuwa mwindaji Tamriki. Tamriki ndiye anayechezwa na Derick.

Ubishi ni huu: nani alifuta kumbukumbu, na kwa nini? Mimi nasema hakuna aliyesahau. Wanajifanya! Kila mmoja ameamkia nyumba isiyo yake, shamba zuri kuliko la kwanza. Nani atakumbuka kwa hiari? Havyarimana anasema hapana, watu wenyewe walimwomba Orvane awasahaulishe. Havyarimana ni mwalimu mstaafu kama mimi, Mrundi, alikimbilia hapa mwaka 1993, anaishi kwa dada yake Clotilda, jirani yetu. Tumebishana tangu alipofika. Mbegu za maharage, Utatu Mtakatifu, upepo unatoka wapi. Sasa hili.

Leo bibi auzaye mikate langoni mwa mji alimwambia Tamriki, "Karibu, mgeni." Mimi nikatafsiri: "Karibu tena, mgeni, nakukumbuka tangu kabla ya ule wimbo." Benchi likapiga makofi! Havyarimana akakohoa. Akasema kwenye kioo ameona maneno mawili, Mwalimu katoa litania nzima. Nikamjibu kwamba Kiingereza ni lugha ya mkato. Yeye alisomea Kifaransa, atajuaje?

Kisha akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba wanawe walioko kambini Lukole wamejiandikisha kurudi Burundi na yeye anarudi nao. Msafara ni Jumatano ijayo. Gemu halijaisha! Ubishi haujaisha! Amekaa miaka yote hiyo, kwa nini aondoke sasa? Anaona anashindwa, anahama nchi. Nitamzuia.

Alhamisi, 10 Agosti.

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Gemu likisimama, Havyarimana hataondoka. Namjua. Hawezi kuacha jambo katikati. Aliwahi kuchelewa mazishi kwa sababu alikuwa anamalizia kunieleza kwa nini nimekosea.

Mashine ya Derick ina kadi ndogo, nyembamba, wanaiita memori. Hiyo ndiyo inayokumbuka tulipofika. Bila hiyo Tamriki anarudi kijijini kwake, hajui hata jina la Orvane. Mchana nikakohoa sana. Kikohozi kilianza cha uongo, kikaishia cha kweli. Derick akakimbilia maji. Nikachomoa kadi, nikaitia kwenye soksi. Nyumbani nikaifukia katika kopo la maharage. Ni ya kuazima tu. Msafara ukishapita nitairudisha.

Padri atanielewa. Hakuna mtu aliyeumia.

Ijumaa, 11 Agosti.

Vilio bandani. Derick kageuza benchi chini juu. Kauliza nani kaiba. Mimi sikumtaja mtu. Nilimtazama tu Havyarimana, kwa muda mrefu, kwa namna ya kuwasaidia wengine kufikiri. Watu wakaanza kumtazama pia.

Hapo akainuka, akavua kofia, akamwambia Derick: "Mwanangu, huenda ni mimi. Jana niliishika kuiangalia. Labda niliitia mfukoni ikaanguka njiani. Uzee huu, unisamehe." Derick akasema basi, Baba, yameisha, na watu wakamhurumia. Mmoja akampa nafasi ya mbele!

Kichwa kinaniuma. Hakuichukua. Najua hakuichukua, maana ipo kwenye maharage yangu. Mtu anayekubali kosa lisilo lake anaficha kosa gani? Au aliniona? Au anataka nionekane mbaya mbele ya dhamiri yangu mwenyewe? Mjanja huyu. Nimemfuata kwa macho mpaka kwa Clotilda. Alikuwa anatembea kama mtu asiye na wasiwasi. Ushahidi tosha.

Jumamosi, 12 Agosti.

Msiba. Eustakia kapika maharage.

Alikuja na mwiko, juu yake kadi inatoa mvuke. Akauliza: "Baba Derick, hiki nacho ni kiungo?" Nikasema sijui. Akasema ajabu, kwa sababu kopo lile halishikwi na mtu ila yeye na mgonjwa mmoja anayejifanya hawezi kunyanyuka. Nikakohoa. Akangoja nimalize, akasema kikohozi hicho anakijua tangu tukiwa wachumba.

Nikakiri. Kwake, si kwa Padri. Akakaa kitandani, akauliza kwa nini nisimwambie tu yule mzee abaki. Nikamwambia hii ni hoja ya kitaaluma. Akasema, "Mwambie utamkosa." Nikauliza nimkose kwa lipi, mtu mbishi vile. Akarudi jikoni akicheka peke yake.

Kadi imekauka juani. Imejikunja. Maharage tumekula. Yalikuwa matamu, sikutaka kusema.

Jumatatu, 14 Agosti.

Kuagana, nyumbani kwa Clotilda. Pombe ya ndizi, kibuyu kimoja, mrija mmoja. Mwenyeji hunywa kwanza mgeni aone haina sumu. Havyarimana akanywa. Nilitazama koo lake kama lilimeza kweli. Lilimeza. Akacheka, akanipa mrija, akaniita kwa jina ambalo kwao hupewa mzee mwamuzi: "Kunywa, mushingantahe. Ningetaka kukuua ningekuacha uendelee kutafsiri."

Nikamuuliza anakimbilia nini kule. Akasema shamba lake lipo Muyinga, ng'ambo ya mpaka, na jirani yake yupo bado, mzima. Anajua jirani huyo alifanya nini mwaka ule wa 1993. Jirani naye anajua kwamba anajua. Kisima ni kimoja. Akasema kama angeujua wimbo wa Orvane angeuimba yeye mwenyewe, asubuhi ya kwanza, kabla hajashusha ndoo.

Nikasema hapo ndipo unapokosea, jirani huyo hatasahau, atajifanya! Akanitazama. "Na mimi nitajifanya, Mwalimu. Tutajifanya wote wawili mpaka tuzoee."

Wanajifanya! Kwa kinywa chake! Nikampigia meza, nikamwambia hiyo ndiyo hoja yangu toka mwanzo. Akasema sawa, umeshinda.

Nimeshinda. Nimerudi nyumbani nikijikongoja kwa fimbo na nimeshinda. Sijui kwa nini chakula hakipandi. Pengine ni kwa sababu alikubali upesi mno. Miaka yote hajawahi kukubali hata saa ni ngapi. Anaficha kitu.

Jumanne, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria.

Leo ilikuwa aende kambini kuungana na wanawe. Gari la mizigo liendalo Benako, karibu na kambi, lingepita njia panda baada ya misa. Nikapata mpango mpya, safi, usio na wizi.

Kwetu anayeondoka husindikizwa, wala hamwachi nyuma aliyemsindikiza akiwa taabani. Nikamsindikiza mpaka njia panda. Akasema asante, Mwalimu, rudi sasa. Nikakaa juu ya jiwe, nikahema. Kweli nilihema. Hakuwa na la kufanya, akanishika mkono akanirudisha hadi kwangu. Mlangoni nikamwambia si heshima uende peke yako, nakusindikiza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukaenda. Nikakaa juu ya jiwe. Tukarudi. Eustakia akatoka, akauliza kama tunafanya maandamano. Tulibishana njia nzima, kwenda na kurudi, kuhusu Orvane: je, yeye mwenyewe anakumbuka? Havyarimana anasema ndiyo, na hiyo ndiyo adhabu yake. Mimi nasema ndiyo, na hiyo ndiyo faida yake. Siku nzuri sana!

Gari likapita tukiwa mlangoni kwangu. Nikaonyesha huzuni.

Hapo akatokea Nshoma juu ya baiskeli, Msukuma aliyehamia Bukiriro na ng'ombe wake. "Shikamooni wazee! Mnasindikizana au mnalinda barabara?" Havyarimana akamweleza. Nshoma akasema panda Babu, hili gari la Benako husimama sana Ngara mjini, tutalikuta. Sikumwita! Nani alimtuma?

Havyarimana akapanda nyuma, sanduku mapajani. Kwanza akanishika mikono yote miwili, hakuachia haraka. Akasema kadi ile asingeweza kuiangusha njiani, maana mifuko yake yote imeshonwa ikazibwa. Akaniangalia. Nikasema vumbi ni jingi leo. Akasema ndiyo, ni jingi.

Wakaondoka. Alipungia kofia mpaka kwenye mikaratusi.

Alhamisi, 17 Agosti.

Wamevuka mpaka wa Kobero jana. Clotilda amepata habari.

Derick amepata kadi nyingine, gemu limeanza upya. Tamriki kijijini, hajui kitu. Nimetafsiri kila neno kama lilivyo. Hakuna aliyekohoa. Nikasema Orvane ni mwanamume aliyejificha. Wote: ndiyo, Mwalimu. Nikasema Orvane ni mbuzi. Ndiyo, Mwalimu! Waoga. Nikatoka kabla ya jenereta kuzimwa.

Nimekaa uani nikifikiri, na sasa yote yamenyooka. Alikubali kosa upesi. Alikubali kushindwa upesi. Aliondoka upesi. Muyinga nako hakukosi banda la gemu! Wanacheza kwa Kifaransa, na yeye anakaa benchi la mbele anatafsiri anavyotaka, anaujua mwisho kabla yangu, na kuna watu kule wanaamini kwamba Orvane aliombwa. Shamba! Jirani! Kisima! Nilidanganyika kama mtoto.

Kifua leo ni chepesi. Nimeagiza Nshoma aulizwe kama baiskeli yake inafika Kobero. Nimemwambia Eustakia kuna dawa ya mapafu inayopatikana Muyinga tu. Ameuliza inaitwaje. Nimesema jina lake ni la Kifaransa.