Hotuba ya Kufungua Bomba la Bulembela

(Imeandikwa kama ilivyotamkwa na Kaimu Mratibu wa Maendeleo, Ndugu Otmar Makoye, kiwanja cha mpira, Bulembela, Jumamosi ya kuelekea Saba Saba, 1975. Karani: Theonest.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu, Ndugu Msaidizi wa Katibu ambaye pia ni shemeji yangu, Baba Padri uliyetuma udhuru, mabalozi wa nyumba kumi mliopo hapa na wale mlioko kilabuni, walimu, wacheza ngoma mnaosubiri zamu yenu, wageni wa sikukuu kutoka Kharumwa na Ushirombo, na ninyi wananchi wa kawaida ambao itifaki inanitaka niwataje mwisho: hamjambo. (Hatujambo.) Sikusikia vizuri. (Mgambo anasimama. Hatujambo.)

Ndugu zangu, katika mwisho huu wa juma wa sikukuu, ambapo kila nyumba ina mgeni, kila mgeni ana vumbi, na kila vumbi, kiteknikali, lina mahitaji yake ya maji, ofisi yangu kwa kushirikiana na mimi mwenyewe imeona ni vema, na si vema tu bali ni halali, kuwakabidhi bomba hili mnaloliona mbele yenu likiwa limefunikwa kitenge, ambacho ni cha mke wangu na kitahitajika baadaye. (Makofi, yakianzia kwa mgambo.)

Kabla yangu kijiji hiki kilikuwa na kisima kimoja. Mlikunywa maji yake tangu enzi za mababu bila pleni ya mradi, bila fezi, yaani awamu, bila hata kamati ndogo. Mnateremsha ndoo tu, mnapandisha ndoo. (Mzee mmoja: "Na yalikuwa matamu." Kicheko.) Juzi Alhamisi, kwa maelekezo yangu, kikundi cha kulima cha Ndugu Mabula, ambacho wote tunajua hakiinui jembe bila ngoma, kilikifukia kisima hicho kwa ngoma na nyimbo, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. Hizo nne ni lile tuta lililobaki juu. (Mabula anatazama chini.)

Naona mkono wa Mama Salvina. Sema, mama, kwa ufupi.

("Shikamoo, Ndugu Kaimu. Wakwe wa Salvina wanatoka Chato. Kesho baada ya misa wako mlangoni kwangu na ng'ombe wa mahari. Mkwe usipompa maji ya kunawa, anageuka na ng'ombe wake, na mwanangu anabaki kuwa hadithi ya kilabuni. Tangu jana nina kibuyu kimoja. Fungua bomba tuchote, halafu utuhutubie tukiwa na ndoo vichwani." Makofi marefu, bila mgambo.)

Marahaba. Hoja nzuri, na ninaijibu kisayansi. Mama Salvina hana tatizo la maji. Ana tatizo la ratiba ya wakwe. Bomba hili lina kapasiti ya galoni elfu nne kwa siku, ambazo ukizigawa kwa wakazi wote, ukawatoa watoto wanaonyonya na wazee wasiokunywa kitu zaidi ya pombe, kila mmoja anapata zaidi ya anavyostahili. Hata ng'ombe wa mahari wamo katika projekti. Wako fezi ya tatu.

("Na kesho je?" anauliza Mama Salvina.)

Kesho ni Jumapili, mama. Ofisi imefungwa.

("Ndugu Kaimu," anasema Mabula, "ulituambia tukifukia Alhamisi, Jumamosi maji yanatoka. Vijana walifukia kwa moyo. Sasa wake zao hawasemi nao.")

Na ukimya majumbani, Ndugu Mabula, ni sehemu ya maendeleo. Hata mimi nimejitolea. Nimehudhuria semina mbili za maji, na katika zote mbili nilikunywa soda. (Mzee: "Pole sana, mwanangu." Kicheko.)

Nahitimisha. Nikisema kiu, mseme ni ya muda; nikisema subira, mseme ni ya kudumu. Kiu! (Mgambo: "Ni ya muda.") Subira! (Mgambo anasahau.)

Mwisho ni shukrani. Nawashukuru mafundi wa misheni waliotuazima bomba hili, ambalo naomba mtu asiliegemee, maana limechomekwa asubuhi hii na chini yake ni udongo mtupu. Linarudi kwao jioni. Zaidi nawashukuru ninyi kwa kufukia kisima bila kuuliza maswali. Mwongozo uko wazi: kijiji chenye kisima hakihesabiwi kuwa na shida ya maji, na kijiji kisicho na shida hakiruhusiwi kuomba bomba. Leo, kwa juhudi zenu, shida mnayo, tena imekamilika. Sifa za kuomba tumezipata. Jumanne, sikukuu ikiisha, nitaandika barua ya kuomba fomu ya kuombea.

(Watu wanaanza kuondoka.)

Ndugu Mabula, mnakwenda wapi? Wimbo bado.

("Kufukua.")

Mkifukua, kijiji kinapoteza sifa!

("Kipoteze tu, baba," anasema Mama Salvina. "Mimi nina wakwe.")

Mgambo, warudishe watu.

(Mgambo amekwenda kwake kuchukua jembe.)

Basi asanteni kwa kunisikiliza. Karani, wewe andika makofi.

(Makofi.)