Kofia ya Saidi Mbele ya Wakwe

Saidi na Yohana, ndugu zangu,

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Si suruali, msianze. Subirini.) Nawaandikia upesi kwa sababu dereva atakayewaletea barua hii huko Bujumbura anaondoka kesho alfajiri, na nataka mpate habari kutoka kwangu kabla hamjaisikia barabarani. Mnajua madereva wenzetu walivyo.

Leo ilikuwa siku ya kwenda Rebero kumposea kijana wangu Kalisti. Na juzi Alhamisi nilikuwa hospitali, nikipigwa ile dripu nyekundu ya uvimbe wa shingoni. Hii ya tatu. Dawa yenyewe inaingia mkononi kimya kimya, halafu inakuja kudai tumboni. Daktari aliniambia kichefuchefu kitakwisha siku ya pili. Leo ni siku ya pili. Tumbo halikuwa na habari hiyo.

Kalisti aliniomba tuahirishe. Nikakataa. Mimi niliogopa jambo moja tu, wala si kufa. Niliogopa wakwe wanione. Nimekonda, nywele zimetoka zote, hata nyusi. Siku hizi Kigali mtu akikuona hivyo hakuulizi unaumwa nini, anajijibu mwenyewe: Ukimwi. Na nani atampeleka binti yake katika nyumba hiyo? Kalisti anampenda Odeta tangu wakiwa shule. Nikasema nitavaa ile kofia aliyoniachia Saidi, nitakaa wima kwa saa tatu, nitarudi nyumbani nitapike kwa raha zangu.

Nilijiandaa kama mtu anayepanda mlima na lori bovu. Asubuhi biskuti kavu mbili. Kiazi baridi nusu, kwa sababu cha moto kina harufu. Vidonge viwili vya kuzuia kutapika nilivyopewa na Sista wa hospitali, nikaviweka mfukoni mwa koti pamoja na mfuko wa plastiki, nivimeze nusu saa kabla ya kula. Na ndimu moja ya kunusa, mfukoni mwa suruali. Mke wangu Veneranda akanitazama juu hadi chini, akasema koti lile limechakaa, ni aibu. Akanivalisha lile la Krismasi.

(Mmeshaelewa vidonge vilibaki wapi. Mimi bado nilikuwa sijaelewa.)

Kwenye kizuizi kabla ya Kicukiro askari alitushusha wote. Akanipapasa, akakuta ndimu.

"Mzee, hii iko nini?"

"Ndimu, afande."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kunusa."

Akainusa yeye. Akaipenda. Akanirudishia kitambulisho, ndimu akabaki nayo. Nikaingia garini nikitafuta vidonge vyangu, nikapata mfuko mtupu wa koti la Krismasi. Nikamwangalia Veneranda. Veneranda akaangalia dirishani. Wala hatukuweza kurudi, maana wenyeji huhesabu kuchelewa kuwa ni dharau.

Tulipofika, jambo la kwanza lililonipokea ni moshi wa mbuzi. Wamechoma upande ule ule upepo unakotoka! Tukaketi chini ya turubai, sisi upande huu, wao ule, na mimi mbele kabisa kama baba wa bwana harusi. Msemaji wetu ni jirani yangu mwalimu Silasi. Msemaji wao ni mzee Gaspari, baba mkubwa wa Odeta, mzee mrefu mwenye ulimi wa kisu.

Chungu cha pombe ya mtama kikaletwa na mrija wake. Yohana, wewe umewahi kuoa huku, unajua. Saidi, nikueleze: mwenyeji hunywa kwanza yeye, wote wakimwona, ili mgeni ajue hakuna sumu. Halafu anakupa mrija. Ukikataa, ni kama umemwambia, "Wewe ni mchawi, unataka kuniua." Gaspari akanywa. Akaufuta mrija, akanipa. Nikanywa kidogo. Ikashuka. Ikasimama njiani, ikifikiri.

Basi wasemaji wakaanza utani wao, wote kwa Kinyarwanda, nawapa kwa Kiswahili. Silasi akasema tumekuja kuomba mche tuupande kwetu. Gaspari akasema mche huo walishauomba watu wa Bukavu wiki jana. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nasikiliza tumbo langu kama tulivyokuwa tunasikiliza injini kwenye mlima, jasho linanitoka chini ya kofia, naomba, Mungu wangu, dakika kumi tu, dakika kumi.

"Halafu," Gaspari akasema, "huyo mzee mbele yetu mbona amejifunika? Kwetu mtu haombi binti huku ameficha kichwa. Avue kofia, tujue tunaoza binti kwa nani."

Watu wakapiga makofi. Ulikuwa utani, haki ya Mungu. Lakini moyo ulinipasuka. Silasi akajibu haraka kwamba kichwa cha mzee kimejaa akili, kikifunuliwa zitamwagika. Wakacheka tena. Gaspari, kwa furaha yake, akanisogezea mrija mara ya pili. "Basi anywe, zisikauke." Na upepo ukaleta mbuzi.

Nilijua nina hesabu ya pumzi mbili. Mfuko wa plastiki uko nyumbani. Mbele yangu kuna chungu cha pombe, kulia kuna kikapu cha zawadi alichosuka mama yake Odeta kwa mkono wake. Nilivua kofia, nikaikamata kwa mikono miwili, nikatapika ndani yake. Biskuti zote. Kiazi. Mtama wao.

Nilipoinua uso nilikuwa kipara kama yai, kofia mapajani, watu sitini wananitazama. Nyuma yangu shangazi yake Kalisti akasema kwa sauti, "Bamuroze." Yaani wamemlisha sumu. Wa upande wetu wote wakaweka chupa chini kwa pamoja. Mama yake Odeta akashika kichwa, akaanza kulia. Nyumba ikishaitwa ya walozi, nani ataoa tena pale? Kalisti amesimama, hajui amshike nani.

Nikaona kwamba nikinyamaza, nimewaua wale. Nikisema, nimejiua mimi na ndoa ya mwanangu. Nikasema.

"Hakuna aliyenipa sumu hapa. Sumu nimekuja nayo. Nimepewa na daktari Alhamisi, tena nilitia saini."

Mtu mmoja akacheka akidhani bado ni utani. Gaspari hakucheka. Akanitazama kichwa.

"Ni ule ugonjwa?" akauliza polepole.

"Ni saratani. Iko hapa." Nikafungua kola nikawaonyesha shingo. "Nimeficha kwa sababu niliogopa mtamnyima kijana wangu. Yeye ni mzima. Mimi ndiye mbovu."

Nikaona aibu kiasi kwamba nilitamani yule askari aje anichukue pamoja na ndimu.

Gaspari akainuka. Akaja mpaka kwangu. Akachukua ule mrija, ule ule uliotoka kinywani mwangu, hakuufuta. Akanywa. Akanywa kwa muda mrefu mpaka mama yake Odeta akaacha kulia. Kisha akaketi karibu yangu, upande wetu, akamuuliza Silasi:

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Kwenye kofia," Silasi akasema.

"Nilimwomba mzee avue kofia. Amevua, tena ameongeza." Hapo watu wakacheka kweli, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. "Binti tunawapa. Lakini kwa sharti moja, na msilijadili. Siku ya harusi, huyu mzee aje mwenyewe, kwa miguu yake. Hatupokei mwakilishi."

Harusi ni baada ya mavuno ya mtama, miezi mitano mbele. Daktari hajawahi kunipa miezi mitano kwa mkupuo. Lakini nimekubali mbele ya watu sitini, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi kwa wakwe.

Saidi, kofia yako imefuliwa mara tatu na bado haisogeleki. Samehe. Yohana, kichwa chako na changu ni saizi moja. Acha kucheka, tuma kofia.

Wenu,
Bonaventura